Saa za Korse

Mara nyingi anayeuona mgongo kwanza ni fundi wa nguo. Mtoto amepelekwa kushonewa sare kabla ya masomo kuanza, shati jeupe na sketi ya buluu. Fundi anapima bega la kulia, anapima la kushoto, anarudia la kulia. Halafu anamwambia mama kwa sauti ya chini: "Mama, huyu upande mmoja unapanda. Sketi nikiikata sawasawa itamkalia vibaya." Mama anacheka kidogo, analipa, wanarudi nyumbani. Jioni anamwita binti karibu na moto, anamwinulia shati, na hapo anaona. Bapa moja la bega limetokeza. Kiuno kimebonyea upande mmoja, na upande wa pili kimenyooka kama ukuta.

Kuna njia ya kuhakikisha hapohapo nyumbani, bila chombo chochote. Mwambie mtoto asimame miguu pamoja, viganja vikutane, kisha ainame mbele polepole kama anayeokota maharagwe yaliyomwagika. Wewe kaa nyuma yake, macho yako yawe usawa wa mgongo wake. Mgongo usio na shida unalala sawa pande zote mbili. Ukiona mbavu za upande mmoja zimeinuka na za upande wa pili zimelala, mpeleke hospitali. Njia hii ina jina la William Adams, daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyeieleza mwaka 1865, na mpaka leo ndiyo ya kwanza kutumika, hata palipo na mashine za kila namna.

Huku kwetu, kabla ya kufika kwa daktari, huja kwanza swali la kosa ni la nani. Bibi atasema ni bidoni za maji. Jirani atasema ni ule mkanda wa kipajini ambao mama zetu wa milimani hubebea mizigo mgongoni, mbatata, kuni, makaa, na ambao wasichana huanza kuuzoea mapema. Atatokea wa kunong'ona kwamba mtoto amerogwa, au kwamba mama alimfunga vibaya kwenye kitenge alipokuwa mchanga. Niseme waziwazi, kwa sababu lawama hizi zinakula nyumba: ugonjwa huu hauletwi na bidoni, wala mkanda, wala kitenge. Watoto wa miji ya Ulaya ambao hawajawahi kuteka maji mtoni wanaupata vilevile.

Jina lake ni skoliosisi, au skolioze kama wanavyosema madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa. Uti wa mgongo unaelekea upande kwa umbo la C au la S, na wakati huohuo pingili zake zinajizungusha. Mbavu zinafuata mzunguko huo, ndiyo maana mtoto akiinama unaona nundu. Daktari hupima ukubwa wake kwa radio, yaani picha ya eksirei, ya mgongo mzima, mtoto akiwa amesimama, na kipimo huitwa pembe ya Cobb. Kuanzia digrii 10 ndipo jina la skoliosisi linapotumika. Katika watoto 10 wenye ugonjwa huu, karibu 8 hawana sababu inayoonekana. Wavulana wanaupata, lakini wanaofikia kiwango cha kutibiwa wengi ni wasichana, hasa katika ile miaka ambayo mwili unarefuka haraka. Unatembea pia katika ukoo, kwa hiyo ukimaliza kumtazama binti, wainamishe na wadogo zake.

Hapa kuna tahadhari moja ambayo siwezi kuiacha, kwa sababu tunaishi Kongo, nchi ambayo kifua kikuu hakijaisha. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo, kikazila, na mgongo ukavunjika kwenda mbele ukaacha kibyongo chenye ncha. Mtoto mwenye maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku, homa za jioni, jasho, kukonda, au miguu inayoanza kuwa dhaifu, huyo hahitaji korse, lile ganda la plastiki la kuushika mgongo. Anahitaji vipimo na dawa za kifua kikuu, na anazihitaji wiki hii. Skoliosisi ya kawaida ya umri wa kukua huja kimya na mara nyingi haiumi. Ukimya huo ndio unaofanya wazazi wachelewe.

Sasa korse yenyewe. Kwa kawaida daktari huiagiza pembe ikiwa kati ya digrii 25 na 40, na mtoto bado anakua. Chini ya hapo anamfuatilia tu, radio baada ya miezi kadhaa. Ikipita digrii 50 mazungumzo yanageuka kuwa ya upasuaji, kwa sababu mgongo uliofika hapo huendelea kupinda polepole hata mtu akishakuwa mzima. Kazi ya korse ni kuuzuia usifike huko mpaka mifupa ikomae. Mzazi anapaswa kuambiwa hili mapema, na mtoto vilevile: korse haiahidi kuunyoosha mgongo. Inashika mlango usifunguke zaidi. Mtoto aliyeahidiwa mgongo ulionyooka, akavumilia mwaka mzima, kisha akaonyeshwa radio inayosema digrii 31 palipokuwa na 30, atadhani amedanganywa, ilhali hiyo ni habari njema kabisa.

Inatengenezwa hivi. Fundi wa viungo humzungushia mtoto bandeji za plasta zilizolowa, kutoka kwapani hadi nyongani, zikakauka, zikakatwa na kuvuliwa. Ganda hilo linajazwa plasta, linatoka sanamu la kiwiliwili chake. Fundi analichonga sanamu, anapunguza pale anapotaka msukumo na kuongeza pale anapotaka nafasi, kisha anavuta juu yake karatasi nene ya plastiki iliyolainishwa kwenye tanuri. Ikipoa, inakatwa, inawekewa sponji ndani na mikanda nje. Kuna za kufungwa nyuma, kama ile iliyobuniwa Boston miaka ya 1970, na za kufungwa mbele, kama ya Mfaransa Jacques Chêneau. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye meza ya fundi. Nyumbani ni kubwa, na nitairudia.

Siku ya plasta ni siku ya kumwandaa mtoto. Fikiria binti wa Masereka, kwenye milima yetu ya Lubero, aliyezaliwa mwaka 2013. Agosti 2018 ilipotangazwa Ebola, alikuwa na miaka mitano. Zoni ya afya ya Masereka ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa, pamoja na Beni, Butembo na Katwa, na ugonjwa haukutangazwa kuisha mpaka Juni 2020. Mtoto huyo aliwajua watu wa afya kwanza kama watu wasio na nyuso, waliovaa plastiki mwili mzima, wanaochukua watu na kuondoka nao. Leo unamwambia avue nguo mbele ya mwanamume mwenye glavu, afungwe kwa bandeji nyeupe, asimame bila kutikisika. Mwambie kila hatua kabla haijafika: maji yatakuwa vuguvugu, plasta itapata joto kidogo ikikauka, mkasi hautagusa ngozi. Mpe fulana yake mwenyewe avae. Omba mama, shangazi au dada awe ndani naye. Fundi mzuri hakatai.

Mafundi hao wako wapi? Kwa miaka mingi njia ya wengi wa Kivu Kaskazini ilielekea kusini, Goma. Huko kuna kituo cha walemavu cha Shirika la Umoja, kilichosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn. Lakini tangu Goma ichukuliwe na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, safari ya kutoka Lubero kwenda huko inavuka mstari wa vita. Upande wa mashariki kuna Uganda. Unashuka Butembo, unafika Beni, unafuata barabara ya Kasindi mpaka mpakani, barabara ambayo nayo imemwaga damu nyingi, kisha Kasese na Kampala. Hospitali ya CoRSU iko Kisubi, katika barabara ya Entebbe, na inatibu mifupa ya watoto. Kampala kuna pia Katalemwa Cheshire Home, inayohudumia watoto wenye ulemavu. Kabla ya kuuza mbuzi na kupanda gari, kaa na daktari wa Butembo au Beni pamoja na kine wake, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wakuandikie barua, wapige simu, wahakikishe kwamba fundi wa korse yupo na bei inajulikana. Beba radio yako ikiwa bapa katikati ya makatoni mawili, na uipige picha kwa simu kwenye mwanga wa dirisha, kwa sababu filamu hupotea na unyevu huiharibu.

Nimesema hayo ya safari kwa haraka, ingawa ndiyo yanayokula pesa. Familia nyingi huona kwamba korse ikishapatikana, kazi imeisha. Mimi naamini hapo ndipo inapoanza.

Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 25 za Marekani na Kanada, ukiongozwa na Stuart Weinstein na Lori Dolan wa Chuo Kikuu cha Iowa. Walifuatilia watoto 242. Waliopewa korse, asilimia 72 walimaliza kukua bila kufika digrii 50. Waliofuatiliwa tu bila korse, asilimia 48. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Kuna sehemu yake nyingine ambayo ningependa kila mzazi aishike. Ndani ya korse waliweka kipimajoto kidogo, kinachoandika joto la mwili, kwa hiyo walijua saa ambazo mtoto ameivaa kweli. Watoto waliambiwa wavae angalau saa 18 kwa siku. Katika miezi sita ya kwanza, kwa wastani, walivaa 12 na kitu. Waliovaa chini ya saa 6 hawakuwa tofauti sana na wasiovaa kabisa. Waliovaa karibu saa 13 na kuendelea, kati ya 10 walifaulu 9.

Kwa hiyo dawa hapa ni saa. Korse nzuri kutoka kwa fundi bora, ikining'inia kwenye msumari, haina kazi yoyote. Na saa hazitoki hospitali. Zinatoka kwenye siku ya nyumba yako, siku ambayo tayari imejaa shule, maji, kuni, shamba na wadogo wa kubebwa. Ukimwambia mtoto wa Masereka "vaa saa 18" bila kuigusa siku hiyo, umemwongezea mzigo juu ya mizigo.

Tuipange basi. Giza kwetu linaingia mapema, watu hulala mapema. Kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni saa 11, na nyingi kati ya hizo mtoto amelala. Shule, kama anasoma asubuhi, inaanza saa moja na nusu na kuisha saa sita na nusu mchana: saa 5. Tayari ni 16. Akiifunga saa kumi na moja jioni badala ya saa moja, umepata 18. Zimebaki saa 6 zilizo huru, kipande kidogo asubuhi na kikubwa mchana, na humo ndimo ziingie kuoga, kucheza, kuteka maji na kazi ya shambani. Daktari wako akisema saa zaidi ya 18, mfuate. Lakini mfikie na hesabu yako mkononi, umwonyeshe siku ya mtoto ilivyo. Wengi hufurahi kuona mzazi amehesabu.

Mpango huu unataka mtu wa kuchukua nafasi. Kama zamani binti aliteka maji saa kumi na moja jioni, sasa atateka saa nane mchana, au kaka yake atateka. Hapo patakuwa na manung'uniko, hasa kwa kaka. Msimwambie tu "dada yako ni mgonjwa." Binti si mgonjwa, na hatapenda kuitwa hivyo. Waite wote jioni, mwonyesheni kaka ile radio kwenye mwanga, mwelezeni hesabu ya saa. Mvulana wa miaka 10 anaelewa hesabu kuliko anavyoelewa huruma. Kubeba mizigo mizito akiwa ndani ya korse hakuwezekani kwa raha, plastiki inaingia kwapani na kwenye nyonga. Akiwa ameivua, kazi za kawaida na michezo vinaruhusiwa, tena vinahitajika, kwa sababu misuli ya mgongo inayokaa bila kazi inalegea. Usain Bolt, aliyekimbia meta 100 kwa sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009, ana skoliosisi. Mwambie mtoto hilo siku ambayo mwalimu wa michezo atataka kumkalisha kando.

Usianze na saa 18 siku ya kwanza. Mafundi wengi huanza na saa mbili hivi, kisha wanaongeza kila siku, na usiku huja mwishoni. Wiki mbili zinatosha kwa walio wengi. Usiku wa kwanza wote nyumbani watalala vibaya: mtoto atalia, atageuka kama gogo, saa nane ya usiku ataifungua. Mwache aifungue. Kesho jaribu tena mpaka saa tisa. Mama aliyewahi kumwachisha mtoto ziwa anaijua mikesha ya namna hii na anajua kwamba ina mwisho.

Ngozi ndiyo itakayokuambia kama korse inakaa vizuri. Kila anapoivua, tazama. Wekundu pale penye msukumo ni kawaida, na unapaswa kupotea ndani ya nusu saa hivi. Usipopotea, au ukiona malengelenge au kidonda, korse isivaliwe mpaka fundi aitazame. Msikate plastiki wenyewe kwa kisu cha jikoni. Chini ya korse avae fulana ya pamba inayobana, ndefu kupita nyonga, mishono ikielekea nje, bila mkunjo hata mmoja. Kwenye mitumba ya Butembo fulana hizo zinapatikana kwa bei ndogo. Nunua tatu au nne, moja ikiwa mwilini nyingine ikauke.

Na mafuta. Milimani kwetu mama humpaka mtoto mafuta asubuhi kwa ajili ya baridi, na mtoto asiyepakwa anaonekana hana mwenyewe. Chini ya korse msipake chochote. Mafuta hulainisha ngozi, na ngozi laini inachubuka. Paka uso, mikono na miguu ing'ae kama kawaida, lakini kiwiliwili kioshwe kwa maji na sabuni na kukaushwa vizuri. Baridi hiyohiyo ina upande wake mzuri: walio wengi wanaovaa korse hulalamikia jasho kuliko kitu kingine, na Masereka, iliyo juu kuliko Butembo, ina hewa inayomsaidia mtoto. Akienda likizo kwa mama mdogo Beni, kule chini kwenye joto, mjiandae: fulana mbili kwa siku, na kuoga mara mbili.

Moto nao una lake. Plastiki iliyoumbwa kwa joto huharibika kwa joto. Korse iliyooshwa isikaushwe karibu na mbabula, wala isitundikwe juu ya mafiga kama mahindi ya mbegu. Ifutwe, iachwe kivulini. Mtoto mwenyewe anaweza kuota moto akiwa ameivaa, ila akae mbali kuliko wenzake, na blanketi limsaidie.

Chakula kidogo kidogo. Korse inabana tumbo, na bugali wa kushiba mara moja usiku unamfanya ashindwe kupumua. Mpe sehemu ya chakula saa kumi kabla hajaifunga, sehemu nyingine usiku.

Sasa choo. Sijaona jambo linaloachwa kusemwa kama hili, na ndilo linalowashinda wasichana shuleni. Choo cha shimo kinataka kuchuchumaa, na korse haikubali kuchuchumaa vizuri. Binti hatasema. Ataamua kutokunywa maji asubuhi, atajibana mpaka mchana, na baada ya miezi miwili ataichukia korse kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua. Akiwa kwenye siku zake ni vigumu zaidi. Nenda mwenyewe kwa mwalimu wake wa darasa, au kwa mwalimu wa kike kama darasa lina mwalimu mwanamume, umweleze: binti atoke dakika tano kabla ya wenzake, na rafiki yake mmoja atoke naye kumfungulia mikanda na kumfunga tena. Hii ndiyo tofauti ya korse ya nyuma na ya mbele niliyosema nitairudia. Ya mbele anaifungua mwenyewe. Ya nyuma inataka mkono wa pili, na ni yeye anayepaswa kuchagua mkono huo ni wa nani. Muulizeni fundi mapema, kabla hajachonga.

Hapohapo shuleni, omba dawati lililo juu kidogo, au weka ubao chini ya daftari, kwa sababu hawezi kuinamia meza fupi. Na muulize binti kama anataka darasa lielezwe. Wengine wanataka mwalimu aseme kila kitu siku ya kwanza, wagonge kile kiwiliwili cha plastiki kwa vidole, wacheke, yaishe. Wengine wanataka isionekane kabisa, wanavaa sweta pana juu yake, jambo ambalo katika baridi ya Masereka halimshangazi mtu. Fuata anachotaka yeye, hata kama wewe ungefanya kinyume. Akipewa jina la utani, kama watoto wanavyofanya, nenda shule siku hiyohiyo.

Kwa watu wazima mnaweza kuwa wakali zaidi. Baada ya misa au ibada, kutakuwa na mama atakayemgusa mgongo na kusikitika kwa sauti, "pole mtoto wangu, sasa nani atakuoa," mbele ya watu wote. Jibu upesi, kwa heshima, mtoto akisikia: "Mama, anatibiwa, na atamaliza." Hofu ya ndoa na uzazi iko, tusijifanye haipo, na wasichana wa miaka 13 wanaifikiria kuliko tunavyodhani. Wanawake wenye skoliosisi ya namna hii huolewa, hubeba mimba na huzaa kama wengine, na mwambie hivyo mkiwa wawili, bila kungoja aulize.

Nani ahesabu saa? Wazazi hupenda kuzihesabu wenyewe, na matokeo yake ni kelele kila jioni: "Umeifunga? Umeifunga sawasawa? Nani amekwambia uivue?" Mtoto anajifunza kusema ndiyo. Wale wa kipimajoto cha Iowa walivaa pungufu ya walivyoambiwa, nao wako nchi zenye kila kitu, kwa hiyo wa kwako hatakuwa malaika. Mpe daftari la shule na kalamu. Aandike mwenyewe saa ya kufunga na saa ya kufungua, ajumlishe, na usimkemee kwa alichoandika. Siku iliyoandikwa saa 7, na ni kweli, ina faida kuliko 18 ya uongo, kwa sababu mnaweza kukaa na kuuliza ilikuwaje. Huenda ni mkanda unaouma. Huenda ni mazoezi ya kwaya, ambapo hawezi kuvuta pumzi ya sauti ya juu. Kwaya ni saa mbili kwa wiki. Mwache aimbe bila korse.

Kila miezi minne hadi sita kutakuwa na radio mpya, na mtoto anayerefuka haraka atahitaji korse nyingine baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jiandaeni kwa pesa hizo tangu korse ya kwanza, kidogo kidogo kutoka kwenye kila mavuno ya mbatata. Kwa wasichana kukua hupungua sana miaka miwili hivi baada ya kuvunja ungo, na daktari akiona kwenye radio kwamba mifupa ya nyonga imekomaa, saa zitaanza kupunguzwa. Wako pia watakaovaa kwa uaminifu, wakaandika daftari zima, na bado mgongo ukapanda. Katika ule utafiti, hata kati ya waliovaa karibu saa 13 na kuendelea, karibu mmoja katika 10 hakufaulu. Mtoto huyo asisikie hata mara moja kwamba hakujitahidi. Daftari lake ni ushahidi, mpelekee daktari wa upasuaji alione.

Saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado kwenye ukingo wa kilima, binti anarudi na miguu yenye udongo. Anaoga, anavaa fulana kavu, anaivuta chini mpaka mkunjo wa mwisho unapotea. Analala chali juu ya mkeka, kwa sababu korse hufungwa vizuri zaidi mtu akiwa amelala. Hii ni ya mbele. Mikanda ina alama ya wino pale fundi alipoonyesha. Anafunga wa chini, anafunga wa kati. Wa juu una ugumu, anamwita kaka yake, naye anapiga goti. Binti anatoa pumzi yote.

"Vuta."

"Imefika?"

"Bado. Mpaka kwenye wino."